Soma Tarehe Kabla ya Kulipa

Siku moja nilinunua maziwa ya kopo dukani, Sumbawanga mjini. Mtoto wangu alikunywa, akaharisha usiku kucha. Asubuhi nililitazama kopo. Muda wake ulikuwa umepita kwa miezi mitatu! Mimi nafundisha watu kusoma, lakini sikusoma. Niliona haya.

Tafuta herufi hizi. MFG ni siku ya kutengenezwa. EXP ni mwisho wa kutumia. Huku kwetu siku hutangulia: 05/08/2027 ni tarehe 5, mwezi wa 8.

Mistari myeusi yenye namba haionyeshi tarehe. Namba ikianza na 620, imetolewa Tanzania.

Sasa unajua kusoma. Geuza kopo, soma, ndipo ulipe.