Majibu Kesho

Shule zilipofungwa Machi 2020, mama alitupandisha matatu ya kwenda Nambale, kwa kukhu. "Wiki mbili tu," alisema. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, yeye ndani, sisi nje.

Mpira wa matambara uliisha utamu mapema. Ndipo mdogo wangu akaunda Malaba. Redio ilitaja kila jioni madereva waliolala barabarani wakingoja majibu ya Korona ndio wavuke Uganda, foleni ya kilomita na kilomita. Basi pakiti za maziwa zikawa malori, vifuniko vya soda magurudumu, kamba ya ng'ombe ikawa mpaka. Daktari ni yeye. Anakuchokora pua na bua la nyasi, halafu: "Majibu kesho." Kesho yake: "Bado." Sijaona mchezo wa kuboa hivyo ukipendwa hivyo.

Mei akashikwa na homa. Malaria kwetu ni mgeni wa kila msimu, lakini mwaka huo nani angesema "homa" kwa sauti? Kukhu aliogopa atapelekwa karantini. Mama hatukumpigia. Angefanya nini?

Usiku wa pili akaanza kuweweseka. Kafyu ilikuwa ya saa moja. Saa tatu tukatoka na boda ya jirani, bila taa, mimi nyuma nimemkumbatia, anachoma kama jiko.

Nesi alimdunga kidole. "Ngojeni hapo, majibu ni sasa hivi."

Dogo akafungua jicho moja. "Huyo anadanganya," akaninong'oneza.