Tumbo Liliugua, Mapafu Yakalipa

Wasee, leo sina kichekesho. Leo tuongee kuhusu watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na kwa nini tuwache kuwalaumu mama zao.

Sistangu alijifungua akiwa na mimba ya wiki 28. Mtoi alikuwa mdogo hadi mkono wake wote ulitosha kushika ncha ya kidole changu. Siku za kwanza mambo yalikuwa sawa. Halafu tumbo likafura, akaanza kutapika kijani, na damu ikaonekana kwenye choo. Daktari akasema ni NEC, ugonjwa ambapo utumbo wa mtoto kama huyo unavimba na sehemu yake inaweza kufa. Wakasimamisha maziwa, wakampa dawa, mwishowe wakampasua. Tumbo likapona, lakini kwa oksijeni hakutoka. Alikuja nyumbani na mtungi.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Jirani: "Huyo alipigwa na baridi." Shangazi: "Si mngemfunika vizuri?" Usiku sistangu alikuwa analia akijiuliza amekosea wapi. Mimi chuo niliacha, na sijawahi kusomea udaktari. Lakini hiyo lawama iliniuma, nikawa naenda naye kliniki na kuuliza maswali hadi nielewe.

Shida ya mapafu inaitwa BPD, ugonjwa sugu wa mapafu. Daktari William Northway na wenzake kule California ndio walioueleza mara ya kwanza, mwaka 1967. Mtoto wa wiki 28 bado hajaumba vifuko vingi vya hewa. Vingi huumbwa baadaye, hata baada ya kuzaliwa. Mashine ya kupumua na oksijeni humwokoa, lakini pia zinaweza kuumiza hayo mapafu machanga.

Sasa tumbo linaingiaje? Utumbo ukiumia, mwili unamwaga kemikali za kupigana na ugonjwa. Hizo hazibaki tumboni. Zinasafiri kwa damu hadi kwenye mapafu, na huko zinaweza kuharibu kazi ya kuumba vifuko. Ongeza upasuaji, ambao unamrudisha kwa mashine. Ongeza siku ambazo hanyonyi, na mapafu yanahitaji chakula ndio yakue. Ndiyo maana watoto waliougua NEC, hasa waliopasuliwa, hupata BPD zaidi ya wenzao. Si kila mmoja, lakini wengi wa kutosha hadi madaktari wanaangalia tumbo na mapafu pamoja.

Kwa hivyo hakuna blanketi lingezuia hiyo. Mama hakufanya kosa lolote.

Kitu kinachosaidia ni maziwa ya mama. Yanapunguza hatari ya NEC kuliko maziwa ya kopo. Na mama akikosa, maziwa ya mama mwingine, yakishapimwa na kupashwa joto hospitalini, pia yanasaidia. Benki ya kwanza ya maziwa hayo Kenya ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Najua kuna wenye wanasikia haya na kukunja uso. Damu ya mtu tunawekewa bila shida, mbona maziwa yawe aibu?

Sisi vijana tuna kazi pia. Ukienda kuona mtoto kama huyu na una mafua, geuka urudi. Salamu zitafika kwa simu. Usivute sigara karibu naye. Jiko la makaa litolewe nje. Mapafu yake bado yanajengwa, na yanaendelea kujengwa kwa miaka. Homa ndogo kwako inaweza kumrudisha wodi.

Na ukimpata mama yake, usimuulize alifanya nini. Muulize amekula nini leo, halafu uoshe vyombo.