Tatu iliyoonekana nane

Pikipiki inayopiga kelele huwaudhi abiria, lakini iliyo kimya kupita kiasi ndiyo humtia fundi wasiwasi. Ule mlio mwembamba, tik-tik-tik, hutoka kwenye tapeti, kwenye kinafasi kilicho kati ya skrubu ya roka na mkia wa vali. Nafasi ikizidi, kelele. Ikipungua, injini inatulia vizuri tu, huku vali inaungua taratibu.

Baba mmoja wa Morogoro, mwenye miaka 47, hushusha mboga kutoka Mgeta kwa pikipiki ya zamani ya Kichina. Injini yake ni nakala ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na kipimo chake ni chepesi kukumbuka: milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi. (Pikipiki nyingine zina vipimo vyake, usiazime cha jirani.) Kwa miaka mingi ameseti tapeti mwenyewe, Jumapili alfajiri, kabla injini haijawashwa.

Mwaka huu pikipiki ikaanza kugoma. Asubuhi kiki kumi, kumi na tano, tena nyepesi mguuni. Mlimani na matenga mawili, inakata pumzi. Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akanunua plagi nyingine kwa hela iliyotengwa kwa madaftari. Nyumbani wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, kama kuna mgonjwa.

Jumapili moja binti yake wa kidato cha pili alimshikia tochi. Baba akafungua kava ya juu, akatoa plagi, akazungusha injini kwa spana hadi alama ya T kwenye magneti ikakaa sawa na mshale. Akatikisa roka zote mbili, zote zilicheza. Zisingecheza, angezungusha tena mzunguko mmoja kamili. Kisha akainua fila kwa mkono ulionyooka, akachagua bapa moja.

"Baba, hiyo ni sifuri nukta sifuri tatu."

"Ni nane, mwanangu."

Binti akasogeza tochi, akapitisha ukucha juu ya tarakimu. Tatu.

Injini ikipata moto, vali ya ekzosi hurefuka kidogo. Ukiiachia 0.03 tu, inaweza kukosa nafasi ya kufunga sawasawa. Gesi ya moto inapenya pembeni, mgandamizo unapotea, ukingo wa vali unaliwa. Ndiyo maana kiki ilikuwa nyepesi. Plagi hazikuwa na kosa.

Macho nayo yana habari yake. Baada ya miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu na vitu vya karibu hufifia. Humpata karibu kila mtu. Kwa kuwa mbali bado anaona vizuri, dereva huyu hakushtuka. Lakini dalili zilikuwepo: simu ilisomwa kwa mkono ulionyooka, na ripoti za shule alitaka zisomwe kwa sauti, eti asikie Kiswahili cha binti yake. Wanaume wa rika hilo hulificha jambo hili kama deni.

Fundi aliisaga vali ikakaa tena. Ingechelewa kidogo ingenunuliwa mpya. Baba alikwenda kupimwa macho kabla ya kununua miwani, na alifanya vizuri, maana presha ya macho haioneshi dalili mapema na miwani ya barabarani haiigundui. Aliyopewa inakaa kwenye boksi la spana, imefungwa kitambaa pamoja na fila.

Tapeti ziliwekwa 0.08. Binti aliingiza bapa akasikia likikwama kidogo tu, baba akakaza nati, wakapima tena kwa sababu nati ikikazwa skrubu huweza kusogea.

Sasa inalia tik-tik kidogo. Wateja wa mboga wanamshauri aipeleke gereji.