Kwato Nyeusi

Methali yetu yasema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Hata hivyo, yuko mama mmoja wa Salamanca aliyeniambia, nami sijasahau. Nawaomba radhi wasomaji ambao dini yao haiwaruhusu kitoweo nitakachokitaja. Kisa hiki ni cha maneno zaidi kuliko cha nyama.

Mwaka wa 2018, Chuo Kikuu cha Salamanca nchini Uhispania kilipokuwa kikiadhimisha miaka 800 tangu kuasisiwa, nilikuwa huko nikisomea tafsiri. Posho yangu ya ufadhili ilichelewa kwa miezi mitatu. Ajuza aliyenipangisha chumba hakunidai hata senti. "Utalipa utakapopata, mwanangu," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Posho ilipowasili mwezi wa Desemba, nililipa kodi yote, kisha nikaazimia kumtunukia zawadi inayothaminiwa kwao: hamoni nzima, yaani paja la nyuma la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi na kukaushwa kwa hewa.

Nilifunga safari hadi Guijuelo, mji ulioko kusini mwa Salamanca, ambako baridi kavu ya milimani huikausha nyama hiyo. Dukani, mapaja yalining'inia darini kama mikungu ya ndizi. Nilikuwa nimewasikia watu wakisifu pata negra, nami nikajitafsiria: kwato nyeusi. Basi nikatafuta kwato nyeusi. Nililiona paja moja lenye kwato nyeusi tititi, nikalilipia euro 170 kwa bashasha. Muuzaji hakunidanganya, kwani sikumwuliza lolote.

Mama alinibusu mashavuni, machozi yakimlengalenga. Kisha akautazama utepe wa plastiki uliofungwa juu ya kwato, akatabasamu. "Mwanangu, wewe si msomi wa lugha? Mbona hukusoma?"

Utepe ulikuwa mweupe. Akanieleza kwamba sheria ya mwaka wa 2014 imeweka rangi nne kwa nguruwe wa asili ya Iberia. Nyeusi ni ya nguruwe halisi asiyechanganywa damu, aliyenenepeshwa malishoni kwa matunda ya mwaloni tangu majira ya vuli hadi mwisho wa kipupwe. Nyekundu ni ya aliyekula matunda hayohayo, ila amechanganywa na mbegu nyingine, kwa kawaida ile ya Duroc. Kijani ni ya aliyelishwa nafaka lakini akatembea nje. Nyeupe ni ya aliyefugwa zizini kwa nafaka. Paja la kilo saba au zaidi halina budi kukaa siku 730 kabla ya kuuzwa. Jina pata negra limetengewa utepe mweusi pekee. Kwato nayo si ushahidi: wako nguruwe wa mbegu nyingine wenye kwato nyeusi, na wako wa Iberia ambao kwato zao si nyeusi.

Niliinamisha kichwa. Kumbe nililijua neno bila kuijua maana! Nilikuwa nimetafsiri sauti na sura, nikaliacha nje zizi, malisho, miaka na sheria, mambo ambayo kila mnunuzi wa huko huyasikia neno hilo linapotamkwa. Ni kosa ambalo tungemtoza mwanafunzi alama, nami nililitozwa euro 170.

Mama hakulidharau paja lile. Kila Jumapili alinikatia vipande vyembamba vya kupenyeza mwanga, tukala hadi ukabaki mfupa, nao akaupikia dengu. Kabla sijarejea nyumbani mwaka wa 2019, nilirudi Guijuelo na akiba yangu ndogo. Safari hii niliuliza, nikasoma, nikauliza tena. Nilimudu gramu 100 tu za utepe mweusi. Mama alitia kipande kinywani, akafumba macho, asiseme neno.

Kuuliza si ujinga. Laiti ningalikumbuka hayo mara ya kwanza, nilipolishika lile paja!