Mikwaruzo ya Mkono Wetu Wenyewe



Jioni moja, punde baada ya sala ya Magharibi, kijana mmoja wa jengo letu hapa Albert Park alipiga hodi mlangoni petu. Kijana huyu hulinda na kuosha magari kandokando ya Diakonia Avenue, barabara ambayo wenyeji wa zamani bado huiita St Andrews Street. Alitoa shikamoo, akaketi, asiseme neno. Chai ilipokwisha kupoa ndipo alipoeleza. Mteja wake mkubwa, mwenye gari jeusi, ameona boneti imejaa mistari myembamba mfano wa utando wa buibui. Amempa siku 2 aiondoe. La sivyo alipe rangi mpya na asionekane tena pale.

"Mwalimu, mimi niliosha tu," alisema.

Tulimuuliza aliosha vipi. Akajibu kwamba alitumia ndoo moja, sabuni ya vyombo na kipande cha shati kuukuu, akisugua kwa kuzungusha, kama tulivyomwelekeza sisi alipoanza kazi. Tulinyamaza. Ilikuwa kweli. Ndivyo tulivyoliosha gari letu wenyewe kwa miaka mingi bila kujiuliza.

Sisi tuliofundisha fizikia tulipaswa kujua. Upepo wa bandarini huleta mchanga na vumbi. Chembe hizo hunaswa na kitambaa, huingia ndooni, kisha hurudishwa juu ya rangi, na kitambaa kikageuka msasa. Mikwaruzo yenyewe huelekea kila upande. Ila jua au taa inapomulika, ile tu iliyokaa kama inauzunguka mwanga ndiyo hurudisha mng'ao machoni petu, nasi tukadhani tunaona miduara.

Jambo la pili ni zito zaidi. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka ing'avu, lisilo na rangi, juu ya rangi yenyewe. Kwa kawaida unene wake ni kama nusu ya unene wa karatasi hii uliyoishika, msomaji. Kuondoa mkwaruzo kwa polishi si kuujaza, bali ni kulipunguza tabaka hilo hadi kingo za mkwaruzo zilainike. Kila anayesugua anatumia akiba isiyorudi.

Kesho yake asubuhi, mwenye gari alikubali kuliacha kivulini hadi boneti ipoe kabisa. Tuliandaa ndoo mbili: moja ya maji na shampuu ya magari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapochafuka. Kijana alimwagia maji kwanza ili mchanga uondoke, kisha akaosha kuanzia juu kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, akakausha kwa taulo laini la mikrofaiba bila kukandamiza.

Ndipo tukapitisha ukucha polepole juu ya mistari. Usipokwama, mkono waweza kuiondoa. Ukikwama, mkwaruzo umezama mno. Karibu na taa ya kushoto ukucha ulikwama mahali pamoja. Pale tulimkataza kugusa.

Alianza na polishi laini kuliko zote, tone mfano wa punje ya mbaazi juu ya sifongo, akajaribu mahali padogo kwanza. Kisha akaenda sehemu kwa sehemu, kila moja isiyozidi sentimita 40 kwa 40, akisugua kwa nguvu ya wastani, akifuta na kumulika kwa tochi kabla ya kuendelea. Mara mbili alitaka kuharakisha. Mara mbili tulimrudisha. Mwisho alipaka nta nyembamba, ambayo haiondoi mkwaruzo bali huikinga rangi. Kazi ilichukua saa 4, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

Mwenye gari alikuja karibu na Adhuhuri. Kabla hajainama kutazama, kijana alimwonyesha ule mstari uliobaki karibu na taa. "Huu sikuugusa," alimwambia. "Ningeendelea kuusugua, ningekula rangi yako."

Yule bwana aliitazama boneti dhidi ya mwanga kwa muda mrefu. Hakutoa shukrani. Alisema tu kwamba Jumamosi gari litakuwa pale pale, na kijana aje na ndoo zake mbili.

Tulirudi nyumbani pamoja. Kijana hakutulaumu kwa neno hata moja, na hilo lilituuma kuliko lawama. Tulimwomba radhi pale ngazini. Alicheka kwa haya, akasema, "Mwalimu, yamekwisha."

Vijana wetu wengi mjini Durban hula kwa ndoo na kitambaa. Basi tuliowatangulia tuwaulize leo wanaoshaje, na tukumbuke ni nani aliyewafundisha.

Wasalaam.