RIMU ZA KUUZIA SURA ZILIMSHUSHA MAMA GARINI

Sitawaficha wasomaji wangu. Siku nilipofunga rimu za inchi 17 kwenye Corolla yangu kuukuu, pale kijiweni kwetu Temeke nilikuwa kama bwana harusi. Washikaji waliizunguka gari, wakapiga mluzi, mmoja akatoa kitambaa akazifuta vumbi bila kuombwa. Gari yenyewe kioo cha nyuma hakipandi, lakini nani alikuwa na habari na kioo?

Jumamosi moja mama akaniomba nimpeleke kwa dada yake, huko ndani ndani Mbagala. Mama anasumbuliwa na kiuno miaka mingi. Kwenye lami tulikwenda vizuri, anacheka, ananisifia. Tulipoacha lami tu, kasheshe ikaanza. Kila shimo ni ngo! Kila tuta ni ngo! Mama kashika mlango kwa mikono miwili, kafumba macho. Mwisho akasema taratibu, "Mwanangu, nishushe hapa. Nitapanda bajaji."

Hebu fikiria, bwana! Mama mzazi anaikimbia gari ya mwanaye, anapanda bajaji! Nilibaki pale nimeshika usukani, sina hata la kusema.

Kesho yake nikaenda kwa fundi, mzee mmoja wa Ilala, nikiamini shokapu zimekufa. Mzee hakugusa shokapu. Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko ambacho nilikuwa sijawahi kukisoma tangu nimiliki gari: 175/65R14. "Kijana, gari yako inataka hii. Wewe umevalisha nini?" Nilikuwa nimevalisha 195/40R17.

Akanichambulia kama mwalimu wa darasa la tano. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo gani ukilinganisha na huo upana. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Pigeni hesabu wenyewe (mimi hesabu za fomu foo zilinitoa jasho, lakini hii niliiweza). Tairi la zamani lilikuwa na ubavu wa milimita 114 hivi. Langu la kisharobaro, milimita 78. Yaani nilikuwa nimelipa hela nzuri kujipunguzia milimita 36 za mpira na upepo kati ya rimu na shimo! Ule ubavu ndio godoro, jamani. Ukiondoa godoro unalala kwenye chaga.

Tena nyingi ya hizi rimu kubwa ni nzito, na uzito unaorukaruka na tairi unaitesa shokapu.

Nikamuuliza, je, nikipunguza upepo si italainika? Mzee alinikodolea macho. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja sana, linapata moto, linaweza kupasuka ukiwa barabarani, na kwa hizi bapa rimu inapinda upesi zaidi. Upepo ni ule wa kwenye kibandiko, wangu 220 kPa, sawa na psi 32 hivi, upimwe asubuhi tairi halijatembea.

Na wanaonunua mtumba, angalieni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, hata kama kashata zake bado zinaonekana nzuri.

Rimu nikaziuza kwa hasara, tena hasara ya kuuma. Nikarudi kwenye rimu za chuma za inchi 14 na tairi mpya nne.

Juzi nimempeleka mama tena kule kule. Tulipoacha lami nikawa namchungulia kwenye kioo. Alikuwa amesinzia, mkoba mapajani.

Kijiweni sasa hivi hakuna anayenifutia vumbi.