Tarumbeta Moja

Leo sijaleta mahubiri, nimeleta toba.

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alilazwa hospitalini. Kijana wake akaandika kwenye WhatsApp: "Mama amelazwa, tuombeeni." Lakini grupu pekee ya kanisa aliyokuwemo ni ile ya ujenzi. Ujumbe wake uliingia usiku, katikati ya bei za mabati na orodha ya waliotuma mchango kwa M-Pesa. Mtu mmoja akajibu "Amina." Kufikia asubuhi ulikuwa umezikwa chini ya jumbe nyingine 80.

Mimi niliuona siku ya nne. Nilipofika wodini alinishika mkono akasema, "Pasta, nilidhani mmenisahau." Huyu ndiye mama anayefungua kanisa kila Jumapili na kupanguza viti kabla sisi wengine hatujaamka. Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule nilikaa na simu yangu nikahesabu. Kanisa moja, grupu 14! Wazee, akina mama, wanaume, vijana, kwaya, mashemasi, ujenzi, maombi ya alfajiri, hata kamati za harusi zilizopita zamani. Ongeza Telegram ya mahubiri, Zoom tuliyoanza 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, na ukurasa huu. Kila moja tuliianzisha kwa nia njema. Hakuna aliyewahi kufunga hata moja.

Na wanaotumika ni watu wa kujitolea. Katibu wetu ni mwalimu. Shemasi wetu mmoja anaendesha bodaboda. Tuliwataka wasome kila kitu, kwa bando lao wenyewe, na wakikosa tangazo tunasema wamepoa kiroho. Bwana anisamehe.

Soma Nehemia 4. Wajenzi walikuwa wametawanyika ukutani, kila mmoja mbali na mwenzake. Nehemia hakuipa kila familia tarumbeta yake. Mpiga tarumbeta alikaa karibu naye, na watu wote wakajua: ikilia, tunakimbilia pale. Ukuta ule ulikwisha kwa siku 52.

Basi tumefunga grupu 10. Imebaki ya matangazo, ambayo viongozi pekee huandika. Ya wagonjwa na waliofiwa, isiyoruhusu jumbe za kusambazwa. Na ya viongozi. Kwaya walinung'unika sana, tukawaachia yao. Pia kila kiongozi wa ushirika wa nyumbani sasa ana nyumba 10 za kuangalia. Mtu akiugua, kiongozi anapiga simu, haandiki. Hata shosho mwenye kabambe anafikiwa.

Wapendwa, tulidhani tukiwa na njia nyingi za kuongea tutakuwa karibu zaidi. Lakini alama ya mikono ya maombi haijawahi kumpelekea mgonjwa uji.

Mama yetu amepona, utukufu kwa Mungu. Nilimwomba msamaha mbele ya kanisa. Akacheka, akasema nipanguze viti Jumapili inayofuata. Nilipanguza.

Sasa wewe. Kuna mtu alikuandikia wiki hii, ukaona, ukasema utajibu baadaye. Kabla hujaandika Amina hapa chini, mpigie yeye kwanza.